Nyumba ya Haraka ya Seline

Mimi na Seline tulikaanga samaki pamoja pale ufukoni Dunga tangu tulipobaki wajane, kwa hiyo mniache niseme kwa hasira, kwa sababu hasira ninayo. Hakuwa mnyonge yule. Mteja akibonyezabonyeza ngege bila kununua, Seline angemwambia, "Baba, huyo alishakufa, mwache apumzike."

Alipopata uvimbe kwenye titi, nilimsukuma mpaka akaenda hospitali. Shemeji yake Absalom, ndugu wa marehemu mumewe, alimsindikiza. Majibu yalipotoka, daktari akamwambia, "Mama, ngoja nje kidogo," akabaki na Absalom. Seline akarudi na tembe za maumivu.

"Wamesema ni uvimbe tu, utaisha," akaniambia, akawasha jiko.

Miezi ikapita. Sasa sikilizeni. Kwetu mjane hazikwi bomani kwa mumewe kama hana nyumba yake pale. Seline aliiomba nyumba hiyo kule Pap Onditi, nyumbani kwa mumewe, miaka nenda miaka rudi, na Absalom akijitia kiziwi. Mara jirani wa huko akapiga simu: kuta zimesimama, mafundi wako juu wanapiga mabati! Seline alicheka kwa furaha. Halafu kicheko kikakatika. Akaketi mchangani, mkono kifuani.

"Yawa," akasema, "hawa wananijengea ili wanizike."

Siku hiyo hiyo nilimpeleka kwa daktari yule yule, tukinuka samaki hivyo hivyo. Daktari Wesonga hakukana. Ilikuwa saratani. Alikuwa amemweleza Absalom kwamba titi likatwe upesi. Absalom akajibu kuwa familia haitaki kisu, na mgonjwa asiambiwe, asije akafa kwa woga. Daktari akakubali, ati ndivyo watu wa huku walivyozoea. Wamezoea nini! Titi lilikuwa la Absalom?

"Nilidhani nakuhurumia, Mama," daktari akasema.

"Ungenikata wakati ule, ningepona?"

Daktari akajibu, "Pengine."

"Na sasa?"

Akatikisa kichwa. Alisema kuna dawa za kupunguza maumivu, na kwamba anaomba msamaha. Mimi nililia kwa sauti, watu wa foleni wakachungulia mlangoni. Seline hakulia. Alifunga vifungo vya blauzi yake, kimoja kimoja, kisha akamtazama yule mwanamume usoni.

"Hiyo 'pengine' ilikuwa yangu, Daktari," akasema. "Wewe ukampa Absalom."