Siku Niliyoitetea Sheria Niliyokwenda Kuipinga

Aibu hii mpaka leo ikitajwa kule Makongeni watu wanashika mbavu, kwa hivyo afadhali niisimulie mimi mwenyewe, maana wengine wakiisimulia wanaongeza kwamba nililia, na mimi sikulia (macho yaliingia vumbi, barabara ilikuwa inachimbwa).

Kwanza mjue nilikuwa nani. Zamani, kabla kila mtu hajawa na simu ya kuonyesha picha, mjomba wangu alikuwa na kibanda cha vidio, mabati matupu nyuma ya nyumba za reli, mabenchi sita na televisheni moja yenye kisogo kama friji. Jumamosi mchana tulijazana humo mpaka mabati yanatoa jasho. Muvi zilikuwa za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani, na nusu ya watu hawakushika hata neno moja, basi siku moja mjomba akanikabidhi maikrofoni akasema, "We Ochi, si una mdomo? Waelezee." Nikawaelezea. Nikawa jambazi, nikawa polisi, nikawa mama wa jambazi akimlilia mwanawe kwa lafudhi ya nyanya yangu wa Siaya, nikawa hata mbwa. Wakaniita Dijei Bati, na kwa miaka mingi sikuweza kununua sukuma wiki bila mtu kuniomba nife kidogo kama yule jambazi. Jamani, ilikuwa raha! Harufu ya karanga za kukaanga, akina mama wanapiga kelele "Geuka, yuko nyuma yako!" kana kwamba yule stelingi anawasikia. Muvi zile tulizitoa wapi? (Msiniulize. Niliulizwa siku hiyo, ngojeni.)

Vidio zikafa, mjomba akarudi nyumbani mashambani, mimi nikafungua kiduka cha kurekebisha simu. Jirani yangu ni Shiku, mwenye saiba, lile duka la kompyuta na intaneti, mtu wa mipango na sauti ya chini inayotisha kuliko kelele. Huyu ndiye aliyesoma habari za mswada wa kuzuia uharamia wa mtandaoni. Akatuita wenye maduka wote akatueleza: tovuti ingeweza kuzimwa kwa lalamiko tu, bila korti, na duka ambalo intaneti yake imetumika kunakili kitu cha mtu nalo lifungwe.

"Yaani mtoto wa shule adanlodi wimbo hapa kwangu, mimi ndiye nifunge?" akasema Shiku. "Na hawa wazee wanaokuja niwajazie fomu za pensheni, waende wapi?"

Hakuna aliyebisha. Akaandika waraka wa kurasa tatu, akatengeneza mabango, na siku ya wananchi kutoa maoni ilipotangazwa katika ukumbi mmoja kule Makadara, akanigeukia. "Baba Toni, wewe ndiye una sauti. Wewe utasoma."

Nilivimba kichwa. Nilivaa suti ya harusi yangu (koti lilikubali, vifungo vilikataa), nikatangulia peke yangu asubuhi ili nikajizoeze. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniangamiza: kwa kuwa nilikuwa nimefika mapema, nikasema wacha nizunguke nyuma ya ukumbi nitafute chai.

Nikasikia mtu anakufa. Nikasimama. Kifo kile nilikijua, ile "aaah, mwambieni mama yangu sukari iko juu ya kabati!" niliitunga mimi mwenyewe kibandani, haikuwa kwenye muvi. Nikafuata sauti mpaka kwenye meza chini ya mwavuli, spika ndogo juu yake, na mama mmoja wa makamo anawawekea watu muvi kwenye flashi. Mbele ya meza kuna kibao: MUVI ZA DIJEI BATI, ZOTE.

Mtu mwenye akili angecheka, angejitambulisha, angepewa chai ya bure. Mimi nikasema, "Mama, nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, buda?"

"Hiyo ni sauti yangu! Hiyo ni kazi yangu!"

Akanitazama kuanzia viatu hadi kwenye vifungo vilivyokataa. "Dijei Bati alikufa kitambo," akasema kwa upole, "hata tulimwombea."

Sijui ni kule kuuawa au ni ile suti iliyonibana, lakini nilipandwa na mori. Nikapaza sauti. Watu wakajaa. Nikaambiwa nithibitishe, kwa hivyo nikafa pale pale mbele ya umati, kifo kizima pamoja na sukari, watu wakapiga makofi, na makofi yale yakanipandisha zaidi nikaanza kupiga kelele, "Huu ni uharamia! Watu kama hawa wafungiwe! Sheria iko wapi?"

"Sheria inakuja," ikajibu sauti nyuma yangu. Alikuwa dada mmoja mwenye daftari, karani wa kamati. "Wewe ni msanii? Umeibiwa?"

"Nimeibiwa kabisa!"

Akaandika jina langu. Nami, Mungu anisamehe, nikamtajia herufi moja moja ili asikosee.

Nilipoingia ukumbini Shiku na watu wetu walikuwa wamejaza upande mzima wa kushoto na mabango yao, wakanipungia mikono. Nikaanza kuelekea kwao. Kabla sijaketi, mwenyekiti wa kamati akasoma, "Shahidi wa kwanza wa kuunga mkono mswada: Bwana Ochieng, msanii aliyeathirika na uharamia."

Nilisikia kifungo changu cha mwisho kikianguka sakafuni. Nikamwangalia Shiku. Alishusha bango lake polepole, akalilaza magotini.

Nikafika kwenye maikrofoni nikafungua ule waraka wa kurasa tatu nikaanza, "Sisi wakazi tunaupinga mswada huu..."

"Samahani," akasema mwenyekiti. "Karani wangu anasema dakika kumi zilizopita ulitaka mama mmoja afungiwe."

"Nilikuwa na hasira, mheshimiwa."

"Na hizo filamu ulizoweka sauti yako. Wewe ulipewa ruhusa na nani?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Nikajibu, "Televisheni ilikuwa ya mjomba."

Wacha niwaambie, mimi nimechekesha watu maisha yangu yote lakini sijawahi kusikia kicheko kama kile. Walinzi walicheka. Karani alifunika uso na daftari. Waliokuja kuunga mswada na waliokuja kuupinga, wote walikumbatiana, isipokuwa Shiku.

Ndipo yule mama wa meza, aliyekuwa amenifuata mpaka ndani, akanyoosha mkono akaomba kusema. Akasema yeye ni mtu wa Majengo, mama yake mzazi hakwenda shule na sasa hatoki kitandani, na muvi anazozielewa ni zile za Dijei Bati peke yake, ndiyo sababu alianza kuzikusanya, moja moja, kutoka kwa watu waliorekodi sauti yake kibandani kwa redio kaseti, kisha akaziunganisha na picha. "Mimi sikujua yuko hai," akasema. "Ningejua ningemtafuta. Mama yangu angependa kumsalimia."

Hapo ndipo lile vumbi liliponiingia machoni.

Nikaukunja waraka. Nikasema ukweli, kwamba sitaki huyu mama afunge, na saiba ya jirani yangu isifungwe, lakini pia nilikuwa nataka mtu aniulize kabla ya kuichukua sauti yangu, na kwamba hata mimi kuna watu huko Uchina nilipaswa kuwauliza na sikuwauliza. Mwenyekiti akauliza, "Sasa tukuandike unaunga au unapinga?" Nikasema sijui. Karani akaandika kitu kirefu.

Mswada ulirudishwa ukaandikwe upya, na msinipe sifa, watu walilalamika nchi nzima. Shiku hakunisemesha mwezi mzima. Salamu zake nilizipata kupitia kwa mke wangu. Kwa yule mama wa Majengo nilienda Jumapili moja baada ya kanisa, nikaketi kando ya kitanda nikamwelezea mama mzee muvi nzima kwa mdomo, sauti imeshakwaruza, pumzi imekuwa fupi, naye akanishika mkono akasema nimezeeka.

Majuzi Shiku alikuja dukani, akaweka barua ya kikao kipya mezani. "Utakuja?"

"Nitakuja," nikamwambia, "lakini maikrofoni mpe mtu mwingine."

Nimeapa, na ninarudia kiapo hapa mbele yenu: sitasema tena kwa niaba ya watu. Mkiniona kwenye mkutano nimekaa nyuma kimya, msidhani sina maoni. Ninayo mawili, hayasikizani, na yote mawili ni yangu.