Kibodi ya Wakongomani

Watu wa shirika moja la msaada la Lilongwe walituletea kompyuta tatu na skrini moja. Nasema hivi mapema ili mtu asidhani nimekosea kuhesabu. Kompyuta tatu, yaani yale masanduku yenyewe yanayonguruma, halafu skrini moja, kibodi moja, kipanya kimoja, na kijisanduku cha bati chenye swichi ya kuzungusha kwa mbele, kama ile ya redio za zamani. Nyaya zote ziliingia nyuma ya kijisanduku hicho. Ukiweka swichi kwenye namba moja, unaona mambo ya kompyuta ya kwanza. Ukizungusha kwenda namba mbili, ile ya kwanza inatoweka machoni lakini haizimiki, na kibodi ileile sasa inaandika kwenye ya pili. Skrini nyingine, walisema, ni nzito na gari limejaa, zitakuja safari ijayo. Mpaka leo nazisubiri.

Hasira yangu ilianza siku hiyo. Anayepewa hachagui, najua, nimeambiwa mara nyingi na watu walioshiba. Lakini mimi kwetu Uvira, Kongo, nilikuwa daktilo. Nilipiga mashine ofisini kwa misheni, nilivaa viatu vya kisigino, na kasisi mwenyewe alikuwa akisimama mlangoni kusubiri nimalize ukurasa. Vita vilinitoa mle na kunitupa Dzaleka, gereza la zamani la Malawi lililogeuzwa kambi ya wakimbizi, katika chumba chenye kidirisha juu kabisa, cha kumpa mfungwa mwanga bila kumwonyesha kitu. Humo ndimo niliambiwa nifundishe vijana kupiga kompyuta. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Kamati ya kambi ikaja kugawa. Kambini kila kitu kinagawanywa kwa taifa. Ng'ombe wa sikukuu anagawanywa kwa taifa, plastiki za kuezekea zinakatwa kwa wembe kwa taifa, hata zamu ya bomba la maji ina taifa. Basi kompyuta ya kwanza ikawa ya Wakongomani, ya pili ya Warundi, ya tatu ya Wanyarwanda. Wakaandika kwa chaki juu ya kila moja. Skrini hawakujua waiandike nini, wakaiacha.

Nikatengeneza utaratibu wangu. Mmoja anakaa kwenye skrini, wengine wanakaa chini na vipande vya boksi nilivyowachorea herufi, wanapiga hewa. Na kwa kuwa ile swichi ukiizungusha ghafla kipanya kinaganda, na kazi ya mwenzako inapotea asipoihifadhi kwanza, niliweka sheria: hakuna kuzungusha kimyakimya. Anayetaka zamu anasema kwa sauti, "Nahama!" Aliye kwenye kibodi anahifadhi kazi yake, anaondoa mikono, na chumba kizima kinaitikia, "Hama na amani!" Ndipo swichi inazungushwa. Wapita njia walidhani ni kikundi cha sala.

Katika vijana wale alikuwepo binti mmoja Mnyarwanda. Alikuwa ametoka kwao akiwa mtoto, akakulia kambi za upande wetu wa Uvira, vita vilipofika huko akakimbia tena pamoja nasi. Wazazi wake walibaki njiani, na sitasema walibakije. Kiswahili chake kilikuwa cha Uvira tupu. Aliishi kwenye nyumba ya watu wasio ndugu zake, akiwapikia na kuwafulia, na kulala jikoni pasipo na mlango. Mwanamke anaelewa maana ya hilo bila kufafanuliwa. Vidole vyake vilikuwa na haraka na utulivu kwa pamoja, kitu ambacho sikuwahi kumfundisha mtu akakiweza.

Mimi nilikuwa nikishuka Lilongwe kuuza vitenge, na katika mtaa wa Biwi palikuwa na duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Mwenye duka, mama wa Kimalawi, aliniambia anatafuta msichana. Kuna chumba nyuma ya duka, akasema, kina ufunguo wake. Niletee mwenye mkono mwepesi, nitampa ukurasa mmoja apige mbele yangu, akipiga vizuri anabaki. Akataja siku. Niliporudi nikamwambia binti, naye akanishika mkono. Kuanzia hapo sikuwaza kitu kingine.

Ndipo habari zikaja kutoka nyumbani. Vita vilikuwa vimeingia awamu ya pili, majeshi ya Rwanda yalikuwa Kivu, na kijiji kimoja cha upande wa Fizi kilikuwa kimechomwa watu wakiwa ndani. Kambini matanga yakawekwa. Nililia na mimi, waliokufa walikuwa watu wetu. Lakini matangani, kati ya wimbo na wimbo, wanaume walianza kuzungumzia kompyuta. Naapa. Watu wamechomwa, na wao wanazungumzia kompyuta.

Kesho yake mwenyekiti wa Wakongomani, tuliyemwita papa prezida, alikuja darasani akifuatwa na wazee wa pande zote.

"Hii kijisanduku njo inatuponza," alisema. "Sisi tunaandika, bale banasoma."

"Papa, hakuna anayesoma," nikamwambia. "Kila mashine iko na tumbo yake. Wanachangia macho na mikono tu."

"Waya iko moja. Mambo inapita mu waya."

"Haipiti."

"We unajua kupiga, mama. Mambo ya bantu hauijue."

Wakagawana. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kila taifa lilibeba kompyuta yake, halafu, ili kusiwe na upendeleo, wakagawa na vilivyobaki: Warundi wakachukua skrini, Wanyarwanda wakachukua kipanya, Wakongomani wakachukua kibodi. Kijisanduku cha swichi papa prezida alikitia mfukoni mwa koti. Wakapeana mikono. Wakaondoka wameridhika kabisa, kila mmoja na fungu lake, na hapakuwa na mmoja kati yao aliyekuwa na kitu kinachofanya kazi. Watoto wanaogombania mpira huutoboa kwa bahati mbaya. Hawa walifanya kikao.

Nilisimama katika chumba kile kitupu nikatukana kwa Kifuliiru, lugha ya mama yangu, maana Kiswahili hakikunitosha.

Siku ya Biwi ilikuwa inakaribia. Nikaanza kuzunguka. Kwa Warundi nilimkuta mzee wao, skrini ameifunika kitambaa cha kufuma, juu ameweka Biblia na maua ya plastiki. Nilipomweleza alicheka kwa aibu, akatoa maua, akaniambia, "Chukua tu, mama. Hapa inakula nafasi." Kwa Wanyarwanda kipanya kilikuwa ndani ya kopo la sukari, kimeviringwa mkia wake vizuri, na yule bibi aliyekitunza alikipangusa kwa kanga kabla ya kunipa. Watu hao wawili nawaombea hadi leo.

Halafu nikaenda kwetu, kuomba kibodi pamoja na sanduku letu la kompyuta. Kibodi ilikuwa juu ya kabati la papa prezida, imelala chali, kuku wameshapita juu yake.

"Ya nini?" akauliza.

Nikamwambia ukweli, na hapo ndipo nilipoharibu. "Kuna binti anaenda kupimwa kazi Lilongwe."

"Binti gani?"

Alijua binti gani.

"Mama, we uko na kichwa? Bantu betu banaungua kule, na we unakuja kuniomba klavie ya Bakongomani juu ya mutoto wa adui?"

"Adui gani anaogopa hata kuchinja kuku? Ule mutoto alikimbia vita sawa na sisi. Alikimbia mbele yako wewe, maana wewe ulichelewa kufunga mizigo."

Mke wake alicheka kule jikoni, na kicheko hicho kilinigharimu. Papa prezida alisimama. "Ule hayuko wetu," akasema. "Kwenda."

Nilirudi na skrini juu ya baiskeli ya kukodi, kipanya kwenye mfuko wa sketi, nalia kwa hasira njia nzima, na watu wananipa pole wakidhani nimefiwa tena. Nilimchukia mtu yule kuliko waliochoma kijiji. Si haki, najua. Waliochoma sikuwa nawaona. Yeye nilikuwa namwona kila Jumapili, anaimba besi.

Na ni yeye huyohuyo aliyekuja mwenyewe, jua linatua, anahema, kibodi kwapani, kijisanduku mkononi. Wageni wanakuja. Wale watu wa Lilongwe pamoja na wazungu wao wanataka kuona kompyuta walizotoa. Vijana walikuwa tayari wanarudisha masanduku yale matatu, wanafuta chaki kwa mikono ya shati.

"Panga yote sawa ya zamani," akasema. "Na ule binti yako, ule Munyarwanda. Umuweke kwa klavie, pembeni yake muweke Mukongomani na Murundi. Wageni banapenda vile. Umoja."

Nikamuuliza wanakuja lini. Akataja siku ileile ya Biwi.

Nilimtazama usoni nikatafuta aibu, hata ya dawa, sikuiona. "Sawa, papa," nikasema. "Atakuwa hapa." Nilisema uongo huo kwa raha, na ningeusema tena. Nilichotaka ni kibodi, na sasa ilikuwa mezani kwangu. Nilifunga mlango, nikamketisha binti, nikampa kila karatasi niliyokuwa nayo apige: matangazo ya kanisa, maelezo ya dawa ya minyoo, zaburi. Wenzake walikuja. Hakuna aliyesema "Nahama". Warundi, Wakongomani, wote walikaa chini na maboksi yao wakamwachia skrini mpaka siku ya safari, na sikuwa nimewaomba.

Asubuhi ya wageni, giza likiwa halijaondoka vizuri, nilimsindikiza barabarani. Alivaa sketi yangu nyeusi, tumeibana kiunoni kwa pini. Likaja matola, pikapu linalobeba abiria nyuma, akapanda kati ya magunia ya mahindi. "Usitazame vidole," nikamwambia. 

Wageni walifika jua limepanda. Papa prezida alikuwa amevaa tai. Aliingia, akatazama kibodi, akaniona nimekaa mimi.

"Ule binti iko wapi?" akanong'ona.

"Ameenda kupimwa."

Wazungu walikuwa tayari mlangoni wanatabasamu. Mmalawi aliyewatafsiria kwa Kichewa alituambia zikomo, zikomo kwambiri, yaani asante sana, akaomba tuwaonyeshe tunavyofanya kazi. Nikaweka vidole. Nikaandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa ili zijaze skrini: MASHINE HIZI ZILIKAA MAJUMBANI KWA WAZEE. SKRINI ILIWEKEWA MAUA. KIBODI ILIKANYAGWA NA KUKU. BINTI ALINYIMWA KWA SABABU YA ALIKOZALIWA. ALIYEMNYIMA AMESIMAMA HAPA NA TAI.

Wageni walisogea. Walipenda kasi yangu. Mmoja alitoa kamera akanipiga picha mimi na skrini na papa prezida, ambaye alikuwa anasoma, midomo inacheza, jasho linamshuka kwenye kola. Mmalawi naye hakujua Kiswahili. Nyuma yangu vijana walisoma, nikasikia mmoja anakohoa kuzuia kicheko. Papa prezida akanyoosha mkono, akazungusha swichi kimyakimya. Skrini ikahamia kompyuta ya pili, tupu, ya bluu. Wageni wakapiga makofi, wakadhani ndiyo onyesho lenyewe. Waliondoka wamefurahi sana. Nadhani picha ile iko ukutani mahali fulani, na maneno yangu ndani yake, na hakuna aliyeuliza maana yake.

Sikufurahi. Watu huniambia ilikuwa ushindi. Ushindi gani? Niliandika ukweli mbele ya watu wasioweza kuusoma, na aliyeweza kuusoma alikuwa anaujua tayari. Nilikaa mle chumbani na hasira yangu hadi jioni, nikimsubiri binti, nikisema moyoni kwamba akirudi mikono mitupu nitaivunja ile kibodi kwa jiwe, iwe ya nani iwe ya nani.

Alirudi kwa miguu kutoka barabarani, vumbi mpaka magotini.

"Nimepata, mama," akasema. "Kesho kutwa ninaanza."

Nilimkumbatia mpaka ile pini ya kiunoni ikanichoma. Nikamkalisha, nikampa nsima, ule ugali wa Malawi, na maharage, nikataka anisimulie kila kitu. Alipiga ukurasa bila kosa. Mama mwenye duka akampa na wa pili, akapiga. Kisha, alisema, mama yule akamuuliza, wewe ni wa taifa gani huko Dzaleka? Maana Wanyarwanda nasikia ni watu wa matata, sitaki matata dukani kwangu.

Binti akaacha kula.

"Sasa ulisema nini?"

"Nilisema niko mutu wa Uvira," akanijibu, anatazama sahani. "Nilisema niko mutoto wako, we njo ulinizaa. Mama, usikasirike."

Nilikasirika. Lakini si kwake. Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Na kuanzia siku ile, kila mtu wa Biwi aliponiuliza kama yule msichana wa duka la kuchapa ni wangu, nilijibu ndiyo, huyo ni wangu.