Ngozi Iliyokataa Uzi

Nilikuwa mwaka wa tatu wa biolojia hapa Bunia wakati chuo kilipofungwa kwa sababu ya mgomo wa maprofesa. Vita ilikuwa imetoka mjini na kubaki huko vijijini, Djugu, nasi tuliiita hali hiyo amani kwa sababu soko lilifunguliwa kila siku. Bidhaa zilianza kuingia tena kutoka Uganda. Kabla ya vitabu, kabla ya vifaa vya maabara, yalirudi mafuta ya kung'arisha ngozi.

Mama mmoja aliyehamia kutoka Butembo alikuwa na duka la mafuta hayo. Aliposikia nasoma biolojia, aliniita.

"Bengine banachanganya ovyo tu," aliniambia. "Weye, binti, umesoma. Utachanganya na akili."

Nilijivunia. Huo ndio ukweli, na mpaka leo unanikasirisha. Nilikuwa na makala ambayo profesa wetu alitugawia kwa fotokopi, kuhusu utafiti mpya wa protini inayotengeneza rangi ya ngozi. Ilieleza kwamba protini hiyo ina tundu dogo ambamo kazi yake yote inafanyika, na kwamba kemikali fulani huingia humo na kuliziba, protini ikakaa bure. Watafiti walitafuta dawa za kutibu wagonjwa. Mimi nilitafuta majina ya kemikali tu, nikayalinganisha na maandishi madogo kwenye chupa za dukani. Katika kila ndoo niliongeza pomadi ya hospitali, ile ya kutuliza upele, kwa kuwa iliharakisha kazi. Wateja walirudi wakinishukuru. Mimi mwenyewe sikujipaka hata kidogo.

Miaka michache nyuma, katika mji huu, watu walisimamishwa barabarani wakaangaliwa pua na urefu ili kabila lao lijulikane, na kwa hayo wakaachwa hai au wakauawa. Tulipopata nafuu kidogo, tukaanza kuangaliana ngozi.

Mulamu wangu, mke wa kaka yangu, ambaye naye aliniita mulamu, alikuja dukani mwenyewe. Restora moja ambayo wageni wa mashirika hula mchana ilikuwa inatafuta mwanamke wa kukaa mapokezi.

"Banasema banataka mutu wa sura safi," alisema akicheka. "Kumbe yangu iko chafu."

Nilicheka naye, nikamjazia kopo. Baada ya miezi kadhaa aliitwa kazini. Hata aliposhika mimba aliendelea kujipaka, mwili mzima, tumbo pia, na mimi niliendelea kumjazia.

Alijifungua kwa operesheni. Mimi na kaka tulikuwa tumekaa kwenye benchi la korido, munganga aliyempasua akatoka akiwa bado na glavu mkononi.

"Mutoto iko muzima, ni binti," alisema. Kaka akasimama kumshukuru, lakini munganga hakuwa amemaliza. "Ngozi ya mama inakataa uzi. Kila nikivuta, inapasuka. Nani anamupatia mafuta anapakaa?"

Kaka alitazama sakafu. Nikasema ni mimi.

"Unauza?"

"Ninachanganya."

"Ulisoma?"

"Biolojia. Mwaka wa tatu."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angeipandisha. "Basi unajua pomadi ya upele munaweka ndani inafanya nini," akasema, akarudi ndani.

Nilijua. Tuliifanyia mtihani. Dawa ile huingia ndani ya seli, ikashikana na protini inayoipokea, na hizo mbili huiamuru seli ipunguze kutengeneza protini nyingine, ile inayoshikilia ngozi kama nyuzi katika kitambaa. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi iliyolowa. Nilipata alama nzuri katika swali hilo.

Siku ya nne kidonda kilifunguka. Nilikiona, nikatoka hospitali moja kwa moja mpaka dukani. Yule mama alinisikiliza bila kuacha kupanga makopo.

"Nilimufunga mikono?" aliuliza. "Alikuya mwenyewe. Nikikatala, anaenda duka ya pembeni. Na weye usijifanye malaika. Ilikuwa mikono yako."

Nilichukua mfuko wangu nikaacha kazi siku hiyo.

Nilimfuata profesa pia, nyumbani kwake, mtaa wa Shari. Nilimwuliza kwa nini alitufundisha protini ya rangi ya ngozi wiki nzima bila kutamka neno moja juu ya mafuta yanayouzwa mbele ya lango la chuo.

"Hiyo iko inje ya programu," alijibu, akaniuliza kama nimeanza kuandika kazi yangu ya mwisho wa mwaka.

Kila asubuhi nilikwenda kuosha kile kidonda. Kilichukua wiki nyingi. Mulamu aliuma kitambaa ili asilie, na mtoto alinyonya kwa upande, mbali na bandeji. Hakunilaumu hata mara moja. Kaka alipoingia mimi nikiwepo, alitoka.

Siku moja, kidonda kikiwa kimekaribia kufunga, mke wa kaka aliniambia kwa sauti ya chini, "Mulamu, nikipona utanichanganyia ingine? Ya nguvu kidogo tu."

Niliweka bandeji chini. "Ya nini?"

"Bale ba restora banataka kuniona mweupe vile balinichukua. Na tangu niliacha, uso wangu inakuwa mweusi kupita vile ilikuwa mbele ya kupaka. Unaona."

Niliona. Nilitaka kupiga kelele, ila sikujua nimpigie nani. Nilimwambia hapana. Akageuza uso ukutani mpaka nilipomaliza kufunga.

Alipona, akarudi kazini. Mafuta aliyapata palepale dukani; sasa anayechanganya ni kijana tuliyesoma naye, na aliniomba ile makala. Nilimwambia nimeichana, naye akaipata kwa mwingine.

Wiki iliyopita nilipita ile restora. Mulamu alikuwa mapokezi, amevaa mikono mirefu, amejipaka vizuri, viungo vya vidole vikiwa vimebaki vyeusi. Nyuma yake meneja alikuwa amesimama. Mulamu aliponiona aliinamisha kichwa kama kwa mteja yeyote.

"Karibu, madamu," alisema. "Uko na watu wangapi?"