Kitambaa cha Nano cha Mama

Niliondoka Thika Jumamosi saa mbili asubuhi kwenda kumthibitishia binamu yangu Wambui kwamba hajui kitu. Wambui anafanya kazi katika maabara huko Juja, kwa hivyo hangeweza kunishinda mimi, muuza rangi za nyumba. Tulikuwa tumebishana kuhusu kitambaa cha kuchujia maji nilichomnunulia mama yangu anayeishi Ruiru. Kilikuwa kimeandikwa NANO kwa herufi kubwa, na muuzaji alimimina maji ya matope mbele ya macho yangu, yakatoka meupe. Ushahidi gani tena? Nilimwambia Mama aache kuchemsha maji ya mfereji, naye akaacha.

Saa tatu, Juja. Wambui alilaza kipande cha kitambaa hicho chini ya hadubini, kando yake akaweka unywele wake mmoja.

"Unaona hizo shimo?"

Niliziona. Unywele ungepita bila hata kuinama.

"Sasa sikia. Milimita moja ni nywele kumi hivi zikilala pamoja. Viini vya taifodi vikijipanga hapo, ni kama elfu moja. Nano ni hiyo milimita uikate vipande milioni, uchukue kimoja tu."

"Lakini maji yalitoka safi."

"Matope hushikana mabonge, inanasa, Kamau. Kiini kikifika hapa kinapata Thika Road, lane zote wazi."

Kwa bahati mbaya, utaalamu wangu wote ulikuwa umeishia kwenye macho.

Saa sita, Ruiru. Mama alinipokea kwa gilasi ya maji yanayong'aa. Huniita Baba, kwa kuwa nina jina la baba yake. Niliweka gilasi mezani, nikamweleza habari ya mashimo, nikimlaumu muuzaji kwa ufasaha mkubwa.

"Ndio maana," akasema polepole. "Tumbo imenisumbua wiki mbili, Baba."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unafurahia sana hiyo kitambaa yako."

Niliona haya hata nikashindwa kumtazama. Nilimletea sweta, tukaenda kliniki iliyo karibu.

Daktari alimpima, akasema ni taifodi, kisha akamuuliza anakunywa maji gani.

"Ya kuchemsha," Mama akajibu haraka, bila kunitazama. "Kila siku."

Daktari alianza kuandika.

"Si kweli, daktari," nikasema. "Anakunywa ya mfereji. Ni mimi nilimwambia aache kuchemsha."