Malaria ya Kocha

Katika chuo chetu cha Baraka, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, kocha hakuwahi kulewa. Kocha alikuwa na malaria. Alikuwa nayo Jumatatu asubuhi, alikuwa nayo siku za mechi, na akitoka msibani alikuwa nayo siku tatu mfululizo. Sisi wasichana wa timu ndio tulioeneza habari hiyo, na mimi, kapiteni wao, ndiye niliyeisema kwa ustadi kuliko wote.

Naandika hivi ili mtu asidhani nilizaliwa jasiri. Kwa miaka miwili nilikuwa mwongo wa timu.

Nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Tanzania nikiwa na miaka kumi na mitano, na Kiswahili cha vitabu ambacho wenzangu wa Baraka walikicheka, na miguu iliyozoea kucheza pekupeku. Baba yangu ni shemasi wa kanisa la Kiprotestanti. Kwake pombe ni dhambi, na msichana kuvaa kaptula ni jirani wa dhambi. Nilipoingia chuo kusomea ualimu, kocha alikuja nyumbani mwenyewe, kofia mkononi, akakaa na baba mchana mzima mpaka baba akakubali nicheze. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kunipigania hivyo. Alitufundisha kupokea mpira bila kuutazama, kuanguka bila kuumia, na kumtazama mwamuzi machoni. Asubuhi ambazo alikuwa mzima, hakukuwa na mwalimu kama yeye kutoka Uvira mpaka Kazimia.

Asubuhi nyingine alinuka lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayopikwa vijijini, huku akitafuna tangawizi ili kuificha. Tangawizi haikuficha kitu. Tukimwona anatafuna, tulijua kwamba mazoezi nitayaongoza mimi na yeye atakaa kwenye kivuli cha ukuta. Mkuu wa chuo akipita, nilimkimbilia kabla hajasogea karibu.

"Kocha iko na malaria, Papa."

Naye aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Sasa najua kwamba alijua. Alichohitaji ni mtu wa kumpa neno ambalo naye angeweza kulirudia kwa wengine.

Mechi iliyovunja mambo ilikuwa Fizi mjini, kule juu, dhidi ya wasichana wa chuo cha huko. Tulipanda asubuhi nyuma ya kamionete, tukiimba, vumbi mpaka kwenye meno. Kocha alikaa mbele na dereva. Aliposhuka, alishikilia mlango kwa muda mrefu kuliko mtu anayeshuka tu. Nikaona, nikagawa jezi.

Golikipa wetu alikuwa binti wa Bibokoboko, wa watu wa milimani, wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Mjini Baraka alikaa kwa shangazi yake. Wako waliochukia kumwona chuoni. Anayeishi huku anajua sababu zao, na mimi sitazifukua hapa. Kwenye timu alikuwa golikipa tu, mrefu, mkimya, mwenye mikono inayonata, na ndiye rafiki niliyekula naye mchana kila siku.

Kipindi cha pili aliruka kuokoa kona, akagonga mlingoti kwa upande wa kichwa. Tuliusikia mti ule mpaka katikati ya uwanja. Alilala, akainuka, akaanza kutembea kuelekea goli la wenzetu. Nikamshika mkono.

"Tuko wapi?" nikamuuliza.

"Kwa shangazi," akasema.

Nilikimbia mpaka kwenye mstari. Kocha alikuwa benchi, macho mekundu, na golikipa wa akiba amesimama kando yake, glavu tayari mikononi.

"Kocha, mutoe. Haone muzuri."

"Mumumwangie maji."

"Kocha, hajue hata tuko wapi!"

"Kocha ni mi, ao ni weye? Tunaongoza. Rudia ndani!"

Harufu ilinifikia. Na nikarudi ndani. Nataka hili libaki limeandikwa: nilirudi. Nilikuwa nimezoea kumtii, na kwa muda wa kona mbili na faulo moja nilicheza mpira huku rafiki yangu anapepesuka nyuma yangu. Kisha nikageuka, nikamwona anatapika chini ya mlingoti.

Mpira ulikuwa unanijia mimi. Niliudaka kwa mikono miwili, katikati ya uwanja, nikaukumbatia, nikakaa chini.

Mwamuzi akapiga filimbi, akanionyesha kadi ya njano, akaniambia niuachie. Nikakataa. Watazamaji walicheka mwanzoni, wakidhani nimerukwa na akili. Kocha alinitukana mama yangu, tena kwa Kibembe, lugha yetu sote wawili, ili nisikie vizuri.

"Atoke, au mechi haiendelei," nilimwambia mwamuzi, nikimwonyesha golini.

Akatoa kadi nyekundu. Nikabaki nimekaa. Wenzangu wakaja mmoja mmoja, wakakaa pembeni yangu kwenye majani. Wachezaji wawili wa Fizi nao wakakaa. Mpaka leo sijui kwa nini, na sikuwahi kuwauliza. Ndipo mwamuzi akageuka akamtazama golikipa wetu. Wakati huo alikuwa tayari anaanguka.

Alilala hospitali siku nne bila kujua ni siku gani. Alipona, ila kwa miezi mingi mwanga wa jua ulimuumiza kichwa, na darasani alikaa na kitenge juu ya macho.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye biro, ofisi ya mkuu wa chuo. Mezani kulikuwa na karatasi moja, imepigwa chapa safi. Ilisema kwamba mchezaji hakulalamika maumivu yoyote, kwamba kocha, ingawa alikuwa mgonjwa wa malaria, alichukua hatua zote, na kwamba kapiteni alisimamisha mchezo kwa hasira zake mwenyewe. Chini kulikuwa na mahali pa jina langu. Wenzangu wawili walikuwa wameshatia sahihi. Niliyaona majina yao na sikuwachukia, waliogopa kufelishwa mitihani.

"Mwanangu, weka sinyature hapa, tumalize."

"Hapana, Papa."

Alivua miwani. "Unajua ule mutoto ni wa mulima. Ukisema kocha alikuwa amelewa, kesho batasema mutu wetu alitaka kuua mutoto wabo. Unataka damu imwangike juu ya mupira?"

Hoja hiyo ndiyo iliyokuwa imewafunga wote midomo, na nakiri ilinitikisa. Huku kwetu mtu hachezei maneno hayo. Mama yangu ana ndugu waliolala Makobola, waliouawa wakati wa vita, na nyumbani hatulitaji jina la kijiji kile wakati wa chakula. Lakini nilikaa pale, nikaiangalia karatasi, nikaona jambo moja waziwazi: mzee huyu alikuwa anawatumia wafu wetu kufunika chupa.

"Papa, lutuku haina kabila," nikasema. "Nikiandika uongo, ndipo watakuwa na haki ya kusema kwamba tulimficha mtu wetu."

"Utapoteza ukapiteni."

"Muuchukue."

Waliuchukua. Wakachukua na timu nzima. Walikusanya jezi na mipira, wakafunga geti la uwanja, wakabandika tangazo kwamba mpira wa wasichana umesimamishwa kwa utovu wa nidhamu. Wetu sisi, si wa kocha. Kesho yake, saa kumi, tulikuwa ufukweni na mpira wa plastiki, kwenye mchanga, kando ya ndagala zilizoanikwa, mahali ambapo gari la mkuu lilikuwa halina budi kupita. Wamama wa ndagala walitufokea tusikanyage samaki wao, kisha wakatuzoea, kisha wakaanza kutuchagulia nani acheze wapi. Kila siku saa kumi, gari likapita. Kila siku tulisimama tukalipungia mkono.

Baba yangu aliposikia, nilijiandaa kwa mahubiri juu ya kaptula. Aliniita, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Ile karatasi, uliweka jina?"

"Hapana, Baba."

"Basi kula."

Siku moja mchana mke wa kocha aliingia kwetu. Nilikuwa napepeta mchele uani. Nilisimama, nikidhani amekuja kunipiga. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kitenge chake kichwani na kukifunga upya.

"Banamutuma Kazimia," akasema. "Kwa ekoli ya sekondari. Na barua ya sifa."

Sikujua. Nilidhani wamempumzisha tu.

"Barua ile mi naijua," akaendelea. "Kule tulitoka mbele ya kuja hapa, balimuandikia ileile. Mwalimu hodari, mutu wa nidhamu. Alikuwa ameshaanguka mbele ya batoto mara tatu. Kila mahali banamupenda, banamufichia, kisha banamusukumia bengine. Na mi niko nyuma nabeba mizigo."

"Mama, nilidhani umekuja kunikasirikia."

"Nimekukasirikia. Si kwa ajili ya mupira. Myaka mbili ulisema malaria. Mi pia nilisema malaria, kwa bashemeji, kwa batoto, kwa padri. Kati ya mi na weye, nani alimusaidia?"

Nilimsogezea ungo. Tulipepeta mchele ule pamoja mpaka ukaisha, na tulipomaliza tulikuwa tumekubaliana: barua haiendi Kazimia.

Tulikwenda kwenye biro watu watatu: mimi, yeye, na baba mdogo wa golikipa, aliyekuwa ameteremka kutoka Bibokoboko kumwona binti yake. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache. Mkuu wa chuo alianza tena habari ya kabila, ya amani, ya hali ya usalama. Mzee yule alimwacha amalize.

"Direktere, sikuteremka kwa ajili ya kabila," akasema. "Kwetu ng'ombe mkali akimgonga mtu, hatuulizi ng'ombe anatoka ukoo gani. Tunauliza nani alimjua akamwachilia."

"Mi nilimujua," akasema mke wa kocha.

"Na mimi," nikasema.

Sote watatu tukamtazama mkuu. Alipanga kalamu zake. Alisema alikuwa amesikia tu. Kwa nani? Kwa watu. Na alifanya nini? Akasema suala litapelekwa kwenye baraza la chuo. Mzee wa Bibokoboko akasema vyema, atasubiri hapohapo. Akatoa kiti nje, akakiweka mbele ya mlango, akakaa. Alikaa hivyo siku tatu, kutwa nzima, akiwasalimia kwa heshima wote waliopita. Hakutisha mtu yeyote. Siku ya tatu baraza likakaa.

Tulichodai hakikuwapendeza wengi. Waliompenda kocha walitaka tumfiche. Waliomchukia, wengi wao watu wa kanisa langu, walitaka afukuzwe kesho. Mimi nilikataa yote mawili, nikawaambia wazi kwamba kufukuza ni namna nyingine ya ile barua: utakuwa umempa mtu mwingine mzigo bila kumwambia. Tulidai atolewe uwanjani, abaki kwenye kazi ya ghala la chuo, aende kwa daktari, na asikaribie timu mpaka daktari na mke wake wakubali wote wawili. Na amwombe msamaha golikipa kwa kinywa chake, bila kutuma mtu. Baraza lilipitisha, kwa nyuso zilizokunjamana.

Sitasema ilikuwa rahisi. Wiki za kwanza kocha alitetemeka kwa kukosa pombe mpaka wakamlaza hospitali. Wakati wa Noeli alirudia kunywa, mke wake akaja mwenyewe kwenye chuo kulisema, mchana, mbele ya makarani, bila kulipaka jina la ugonjwa mwingine. Akarudishwa kwa daktari. Tangu hapo hajanywa, kadiri tunavyojua.

Kocha alikwenda na mke wake kwa golikipa. Alikataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Rafiki yangu alinisimulia baadaye.

"Nilimpa maziwa, kwa sababu mgeni hupewa maziwa," akasema. "Lakini sikumwambia imekwisha. Haijakwisha. Nilimwambia nimesikia."

Timu ilirudi msimu uliofuata, chini ya mwalimu mwanamke aliyekuwa akitufundisha saikolojia na aliyejifunza sheria za mpira kutoka kwetu. Ukutani mwa biro ya michezo kuna karatasi tuliyoiandika sisi: anayeongoza timu akiwa amekunywa, timu haipandi gari; mchezaji akigonga kichwa, anatoka, na kocha hana neno juu ya hilo. Golikipa wetu hachezi tena. Anabeba sanduku la dawa, na akisema mtu atoke, anatoka. Ukapiteni sikurudishiwa. Nilimaliza chuo nikiwa beki bila kitambaa mkononi, nikapiga kelele uwanjani vilevile.

Mwaka jana nilikutana na kocha soko la Baraka, nikiwa tayari mwalimu. Alikuwa amenenepa kidogo, amebeba gunia la unga wa muhogo begani. Alilishusha.

"Uliniaibisha mbele ya batu ba Fizi," akasema.

"Ndiyo, Kocha."

"Batoto bangu balichekwa kwa masomo."

"Najua. Hilo liliniuma."

Alijipangusa unga begani. Nadhani alingoja niongeze kitu.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sikukuomba, Kocha. Na ningelifanya tena, mapema zaidi, siku ya kwanza ile ya tangawizi."

Alinitazama sana. Kisha akainama, akashika pembe moja ya gunia na kunionyesha nyingine kwa kidevu. Tukalibeba wawili mpaka kwake, na mke wake akatufungulia mlango.