Mgeni Rasmi Anapokula Miche

Umewahi kupanda mti kwenye shimo lilelile mara nne, na kila mara ukapigiwa makofi?

Mama Miche amewahi. Hilo ndilo jina alilopewa na majirani. Lile la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho. Asubuhi hii yuko kitaluni, nyuma ya jiko lake, amechuchumaa katikati ya viriba vyeusi vya plastiki. Anang'oa magugu kwa ncha za vidole, kiriba kimoja kimoja, kama mama anayemtoa mtoto chawa. Keni ya kumwagilia ina tobo, naye ameliziba kwa kipande cha sabuni.

"Huu ni mkuyu," anasema, akiinua mche wenye majani manne. "Nimeulea tangu mbegu. Wiki ijayo wanakikundi watakuja kuuchukua kwa nyimbo. Wiki ya pili yake utakuwa tumboni mwa mbuzi."

Anasema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Chini ya nyumba yake kinapita kijito. Majirani waliunda kikundi cha kukitunza baada ya kuona kingo zinameguka kila mvua inaponyesha. Kwenye kingo hizo ndimo mdiria, yule ndege wa buluu anayejitupa majini kama jiwe, anamochimba tundu la kutagia. Zamani walikuwa wengi. Mvua ya mwaka jana iliporomosha ukingo mzima, matundu na makinda yake. Sasa zimebaki jozi mbili: moja karibu na kivuko cha mbao, nyingine karibu na jiwe la kufulia.

"Mizizi ndiyo inayoshika udongo," anasema Mama Miche. "Bila mizizi, ndege anajenga nyumba kwenye unga."

Basi kila mvua za kwanza kikundi kinapanda. Fulana zinagawiwa, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa. Hakuna anayehangaika kuchimba, maana mashimo ni yaleyale ya mwaka wa kwanza. Shimo la karibu na jiwe la kufulia mdomo wake umelainika kama bakuli.

Na sherehe ikiisha, anaingia beberu mweupe mwenye doa jeusi jichoni, na jamaa zake nyuma. Mtaa umembatiza Mgeni Rasmi, kwa kuwa huja wengine wakishamaliza kazi, na yeye ndiye anayekula.

Mwenye Mgeni Rasmi ni nani? Mwenyekiti wa kikundi.

Kila mtu anajua. Lakini mkutanoni utasikia jua lilikuwa kali, utasikia mchwa, utasikia "changamoto ya mifugo", kana kwamba mifugo hiyo imeshuka na mvua.

Mama Miche naye hunyamaza, kwa sababu mwenyekiti ni kaka mkubwa wa mumewe. Mumewe ni fundi baiskeli, mtu mpole, na jawabu lake halijawahi kubadilika.

"Mke wangu, yule ndiye aliyenilea. Miche ipo, toa mingine."

"Nimetoa, baba watoto. Miaka minne natoa. Mimi ni mlezi wa miti au mpishi wa mbuzi?"

Mume huinamia spoku zake.

Jumamosi kikundi kinakutana barazani kwa mwenyekiti. Mbuzi wanapita nyuma ya mabenchi. Mwenyekiti anakohoa.

"Shemeji yangu, mwaka huu utatupa miche mingapi?"

Miaka yote amejibu, "Mtakayohitaji, shemeji." Leo anageuka kuwatazama mbuzi.

"Muulizeni Mgeni Rasmi, ndiye mlaji," anadakia mama mmoja mfua nguo. Baraza linaangua kicheko. Mwenyekiti naye anacheka.

"Jamani, mbuzi ni mbuzi. Hajasoma katiba ya kikundi."

"Mwenye mbuzi je, amesoma?" mfua nguo anauliza.

Kicheko kinakatika. Mama Miche anasimama, anafunga upya khanga kiunoni.

"Shemeji, nakuheshimu, na mume wangu yuko hapa anasikia. Mimi sitaki fulana wala picha. Nataka mkuyu mmoja tu, pale kwenye jiwe la kufulia, unipite kimo kabla wale ndege hawajahama. Mwaka huu hautoki mche hata mmoja kitaluni kwangu. Nimechoka." Anavuta pumzi. "Funga mbuzi wako, shemeji."

Barazani panasikika kutafuna tu. Mgeni Rasmi amepata ganda la ndizi.

Mwenyekiti anamgeukia mdogo wake, kama mtu anayengoja mwenye mke amkanye mkewe. Fundi baiskeli anatazama viganja vyake vyeusi kwa grisi, anavifuta kwenye suruali, kisha anainua uso.

"Kaka," anasema, "hata mimi nilitaka kukwambia siku nyingi. Kamba ipo, nimeifunga kwenye baiskeli."