Matuta Yaliyopandwa na Wawili

Mpiga pasi wa hospitali kuu alikuwa mwanamke mrefu, si msemaji, mwenye viganja vilivyokomaa hata pasi ya moto haikumtisha. Kuanzia muuguzi mkuu hadi mlinzi wa getini, wote walimwita Bi Pasi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu, maana hata mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye, alimwita dada.

Dada hawa wawili walikaa nyumba moja ya vyumba viwili, yenye kipande cha ardhi nyuma ya jiko. Hakuna aliyeolewa. Mtaa mzima uliwaita Kurwa na Doto, ingawa hawakuwa pacha, na Doto alikuwa mnene kiasi kwamba Kurwa angeweza kujificha nyuma yake asionekane. Watu walishakata shauri kuwa wale ni wa kuzeeka pamoja, na wao wenyewe walidhani hivyo hivyo.

Kisha mdogo mtu akapeleka saa ya ukutani kwa fundi. Akarudi nayo, baada ya wiki akaipeleka tena. Safari ya tatu Bi Pasi akamuuliza, "Hiyo saa ina nini hasa?"

"Inachelewa, dada."

Saa ilikuwa nzima kama siku iliyonunuliwa. Fundi alikuwa mjane, mpole, mwenye kucheka kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, na kabla msimu wa mvua haujaisha alishaleta posa. Alikuwa anahamia mji mwingine kwa watu wake, mwendo wa nusu siku kwa basi. Mdogo mtu akakubali, huku amejiinamia kama msichana wa miaka kumi na minane.

Mwezi ule ule walikuwa wamepanda viazi. Walipanda kila mwaka, pamoja na karoti, vitunguu na nyanya chache, lakini viazi ndivyo vilivyokuwa sherehe yao. Siku ya kuchimba kila mmoja alichagua shina lake, akafumba macho, akasema "kikubwa" au "kidogo" kabla ya kutia mkono udongoni. Aliyekosea mara nyingi aliosha vyombo wiki nzima. Mdogo mtu alikuwa mwizi wa mchezo, alipapasa kwanza ndipo akasema, na dada yake alijua, akanyamaza, akaosha vyombo.

Asubuhi ya kuondoka, mdogo mtu alisimama kwenye matuta na viatu vyake vipya. "Usichimbe hata kimoja bila mimi, dada. Vikiiva niite, nitakuja."

"Nitakungoja," alisema Bi Pasi.

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Jioni alirudi kutoka hospitali, mgongo umekaza kwa kusimama mbele ya mashuka, akajikuta anapika chakula cha watu wawili. Alizoea polepole. Nyanya zilipoiva alizila mbichi hapo hapo shambani, zikiwa na joto la jua, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Karoti alizing'oa moja moja, akazifuta kwenye gauni na kutafuna. Zilikuwa tamu kweli kweli. Mara kadhaa aligeuka kusema, "Hebu onja hii," akakuta anaongea na ukuta wa jiko.

Majani ya viazi yakageuka manjano, yakalala chini. Akapiga simu.

"Wiki ijayo, dada," mdogo mtu akasema. "Mama mkwe magoti yamemshika, hawezi hata kwenda msalani peke yake."

Wiki ijayo ikaja. Binti wa fundi alikuwa amejifungua na mtoto hataki kulala. Ikaja nyingine, basi lilijaa. Bi Pasi hakulalamika. Kila siku akitoka kazini alienda nyuma, akafukua kidogo kwa kidole, akaona ganda limekauka vizuri, akafukia tena.

Jirani yake, mkunga aliyestaafu lakini akiitwa bado na kila mwenye uchungu mtaani, alimchungulia juu ya ua. "Bi Pasi, unangoja vichipue tena? Mawingu yale huyaoni?"

"Nangoja mtu."

"Mvua haingoji mtu, jirani. Vitakuozea hivyo, na utakuja kulia hapa."

Jumapili, mawingu yakiwa yameshuka kabisa, alipiga moyo konde akachukua jembe.

Hakutegemea kufurahi, lakini furaha ilimjia bila kubisha hodi. Udongo ulikuwa laini, una ile harufu yake baridi ya chini. Alivuta shina la kwanza na viazi vikaja navyo, vimening'inia kama watoto kwenye nguo ya mama yao. Vingine vilibaki ndani, akavifuata kwa vidole, kimoja, kingine, kingine tena, vya rangi ya maziwa, ngozi nyororo. Kila alipodhani vimekwisha, kidole kiligonga kingine. Akasahau mgongo, akasahau mawingu. Kwenye tuta la tatu akafumba macho bila kukusudia, akapaza sauti, "Kikubwa!"

Akakitoa. Kilikuwa kikubwa kushinda ngumi mbili. Akakiinua juu kumwonyesha mtu, na mkono ukabaki hewani.

Alikaa kitako kwenye udongo na kiazi chake mapajani. Hakulia. Alihisi tu kama mtu aliyechekeshwa msibani, asijue aufiche wapi uso. Matone ya kwanza ndiyo yaliyomwinua. Alimaliza matuta yaliyobaki kwa haraka, bila kuchagua wala kutazama, na kuburuta magunia hadi jikoni akiwa amelowa chapa.

Alipobadilisha nguo alipiga simu. "Nimechimba," alisema.

"Ulisema utaningoja," mdogo mtu akasema.

"Nilingoja, mdogo wangu. Mvua imeanza."

"Ah." Mdogo mtu akavuta pumzi. "Vilikuwa vikubwa?"

"Kimoja kikubwa sana. Nilikibahatisha."

"Basi nani anaosha vyombo?" Wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, halafu mtu upande wa pili akaita. "Subiri kidogo, dada, naitwa, usikate."

Simu ikawekwa mezani. Bi Pasi akasubiri. Alisikia sahani zikigongana, mlango, fundi akicheka kile kicheko chake, mtoto mchanga akianza kulia na kunyamazishwa, mtu akiuliza chumvi iko wapi. Alisikiliza nyumba ile kwa muda mrefu, amebana simu sikioni kama mgonjwa wa jino, hadi ikakatika yenyewe.

Walikuja mwezi uliofuata, mke na mume. Bi Pasi alipika viazi kwa karoti na vitunguu, shemeji akaomba kuongezewa mara mbili, akasifu bila kutia chumvi. Mdogo mtu alikuwa amenenepa zaidi, na alipendeza. Alienda nyuma peke yake, akayatazama matuta yaliyosambaratika, akarudi. Alimzungushia dada yake mkono shingoni, akakaa hivyo.

"Mwakani nitakuja mapema," alisema.

"Mwakani nitapanda kabichi," Bi Pasi akajibu. "Kabichi unaiona, huna haja ya kubahatisha."

Mdogo mtu hakujua acheke au alie. Basi la mchana halikumpa nafasi ya kuamua.

Bi Pasi alirudi kutoka stendi kwa miguu. Mkunga alikuwa mlangoni kwake. "Wageni wameondoka? Njoo basi tunywe chai."

"Kesho," alisema Bi Pasi, wala hakujua kwa nini amesema hivyo. Alienda nyuma, akang'oa vitunguu vilivyolaza shingo, mpaka giza lilipomnyima kutofautisha kitunguu na gugu.

Kesho yake hakwenda. Alikwenda keshokutwa, amebeba bakuli la vitunguu vizuri alivyovichagua na kuvifuta, akabisha hodi mara mbili. Mkunga alikuwa ameitwa kwa mzazi. Aliliweka bakuli kizingitini, akalifunika kwa sahani ili kuku wasilipekue, akasimama kidogo, kisha akaenda zake kazini.